Kawaida au operesheni: kwa nini utafiti haujatoa jibu moja

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Tanga. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kwa operesheni, na sasa nina mimba ya pili ya miezi saba. Kliniki daktari mmoja ameniambia nijaribu njia ya kawaida. Mwingine akasema ukishapasuliwa mara moja, basi, utapasuliwa tena. Dawa za malaria mnazifanyia majaribio: watu wanagawanywa makundi mawili, jibu linapatikana. Kwa nini hamfanyi hivyo kwa kujifungua, mkatuondolea utata huu?"

Marahaba, mwalimu. Hicho unachokidai kimeshajaribiwa, na kwa swali lako hilohilo la mama mwenye kovu moja la operesheni. Watafiti wa Australia wakiongozwa na Caroline Crowther waliwafuata wajawazito wa aina yako katika hospitali 14, wakawaomba wakubali kupangwa kwa kura: kompyuta ichague nani apangiwe operesheni ya pili na nani ajaribu njia ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Wanawake waliojiunga na utafiti walikuwa 2,345. Waliokubali kura walikuwa 22. Wengine wote, 2,323, walikubali kufuatiliwa, lakini njia ya kuzaa wakasema wataichagua wenyewe.

Sitaki kuwalaumu. Hata mimi nisingekubali kompyuta inichagulie. Lakini ona kilichotokea kwa utafiti: ilibidi wawalinganishe wanawake kwa kile walichochagua. Katika kundi lililopanga operesheni, watoto waliokufa au kupata matatizo makubwa walikuwa asilimia 0.9, katika kundi lililopanga njia ya kawaida, asilimia 2.4. Huenda daktari wako wa pili anazo namba hizi kichwani. Shida ni kwamba anayechagua operesheni na anayechagua njia ya kawaida mara nyingi hawafanani kwa umri, kwa uzito, kwa historia ya uzazi uliopita, hata kwa hospitali wanayokwenda. Watafiti hurekebisha hesabu kwa yale waliyoyapima. Wasiyoyapima hayarekebishiki, na kazi ya kura ni kuyasawazisha hayo hasa.

Kwenye dawa ya malaria, mgonjwa hajali sana amepewa kidonge cha kopo lipi, ilimradi apone. Vidonge viwili vinaweza kufanana rangi na ukubwa, mgonjwa asijue, daktari asijue, na mtu anayesoma kipimo cha damu asijue pia. Operesheni haifichiki. Mama anajua, mkunga anajua, daktari wa watoto anayempokea mtoto anajua. Kama moyoni anaamini njia fulani ni ya hatari, atamwangalia mtoto wa njia hiyo kwa jicho kali zaidi, atampeleka wodi ya watoto wachanga mapema zaidi, na tayari "tatizo" limeandikwa kwenye fomu. Hakuna aliyedanganya, lakini matokeo yamekwisha kuegemea upande mmoja.

Isitoshe, mtu anayeingia leba ana mama yake aliyezaa, dada yake aliyezaa, jirani aliyefia kitandani. Ana maoni kabla hatujamfikia. Hata kwa jambo dogo kuliko operesheni ni vigumu kuwapata watu. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2018, kuhusu kuwaanzishia uchungu wazazi wa mara ya kwanza wakifika wiki 39, liliwaalika wanawake 22,533 waliokuwa na sifa. Waliokubali ni asilimia 27. Jibu lililopatikana ni la hao, na unabaki kujiuliza kama robo tatu waliokataa wangekuwa sawa nao.

Sasa nikupeleke kwenye jaribio lililotikisa taaluma yetu kuliko mengine, kwa sababu lilifanikiwa pale lile la Australia liliposhindwa, na bado likatuacha na ugomvi. Lilihusu watoto waliotanguliza matako. Mary Hannah na wenzake wa Toronto waliwapata wanawake 2,088 katika vituo 121 vya nchi 26, kati ya mwaka 1997 na 2000. Kila mama alipopatikana, mtafiti alipiga simu kwenye kompyuta ya Toronto, ikajibu: panga operesheni, au panga njia ya kawaida. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilionekana kubwa mno: watoto waliokufa au kuumia vibaya walikuwa asilimia 1.6 upande wa operesheni na asilimia 5.0 upande wa kawaida. Makala ilitoka kwenye jarida la Lancet mwezi Oktoba 2000. Uholanzi, ndani ya miezi miwili tu, operesheni kwa watoto wa matako zilipanda kutoka kama asilimia 50 hadi 80. Sijui utafiti mwingine wa uzazi uliobadilisha mikono ya madaktari kwa kasi ile.

Kisha watu wakaanza kuusoma pole pole.

Jambo la kwanza waliloliona: makundi yale hayakuwa "waliozaa kwa operesheni" na "waliozaa kwa kawaida". Yalikuwa ya waliopangiwa hivyo. Katika kundi la njia ya kawaida, waliozaa kweli kwa kawaida walikuwa asilimia 56.7, waliobaki waliishia mezani. Katika kundi la operesheni, karibu mmoja kati ya kumi alizaa kabla ya kisu kumfikia. Hesabu za majaribio zinamhesabu kila mtu kwenye kundi alilopangiwa, hata kama aliishia kwingine, na lazima iwe hivyo, la sivyo unaipoteza ile kura. Kwa hiyo usiyasome matokeo yale kama mashindano ya kisu na uke. Yanalinganisha mipango miwili, na mpango mmoja una kisu cha dharura ndani yake. Wasomaji wengi, madaktari wakiwemo, wanalisahau hili. Nami nalirudia kila ninapofundisha kwa sababu kwako lina maana ya moja kwa moja: wewe pia hutachagua "kuzaa kawaida". Utachagua kujaribu, na mwisho wake unaweza kuwa ni operesheni usiku wa manane.

La pili ni ufundi. Kumtoa mtoto wa matako ni kazi ya mikono iliyozoea, hasa kichwa kinapobaki nyuma. Jaribio lilitaka msaidizi awe mzoefu, lakini uzoefu huo alijitamkia mwenyewe na mkuu wa idara yake akathibitisha. Dawa ya miligramu 500 ni miligramu 500 Toronto na ni miligramu 500 Korogwe. Mikono haifanani hata ndani ya wodi moja. Kwenye majaribio ya uzazi, "dawa" unayoipima ni mtu, amechoka au hajachoka, amefundishwa na nani, anamwita bosi wake mapema au anaona haya.

La tatu lilikuja mwaka 2004, watoto walipofuatiliwa hadi miaka miwili. Walifuatiliwa 923. Waliokufa au kuchelewa kukua kiakili na kimwili walikuwa asilimia 3.1 upande wa operesheni na 2.8 upande wa kawaida. Tofauti ile kubwa ya siku za mwanzo haikuonekana tena. Wengi wa watoto waliohesabiwa kuwa wameumia vibaya walipozaliwa walikuwa wamepona. Mwaka 2006 Wafaransa na Wabelgiji wakatoa matokeo ya wanawake 8,105 wa hospitali 174, safari hii bila kura, kila hospitali ikifuata masharti yake makali ya nani anafaa kujaribu. Kati ya waliopanga operesheni na waliopanga njia ya kawaida hapakuonekana tofauti ya maana kwa watoto. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kililegeza ushauri wake wa mwaka 2001 uliokuwa umesisitiza operesheni.

Ungesema basi turudie jaribio. Haiwezekani tena kirahisi, na hili ndilo linaloniuma. Baada ya mwaka 2000 madaktari vijana waliacha kumwona mtoto wa matako akizaliwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo hawakujifunza. Leo ukiwapangia mama hao kwa kura, upande mmoja utakuwa na wapasuaji hodari na upande wa pili watu walioona jambo hilo kwenye mdoli. Jaribio liliua ufundi lililokuwa likiupima.

Nisipitie pacha kwa undani. Jaribio lake, la mwaka 2013, wanawake 2,804, halikuona faida ya kupanga operesheni pale pacha wa kwanza anapotanguliza kichwa. Asilimia 43.8 ya waliopangiwa kawaida walipasuliwa. Unaona mtindo unavyojirudia.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakina uhusiano na hisia za mtu yeyote: hesabu. Mambo tunayoyaogopa zaidi ni nadra, na kitu nadra kinahitaji watu wengi mno ili kukionyesha. Tuseme njia moja inaua au kuumiza mtoto mmoja kati ya 100, na unaamini njia nyingine itapunguza hadi mmoja kati ya 200. Hiyo ni faida kubwa, nusu nzima. Ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti hiyo, utahitaji karibu wanawake 4,700 kila upande. Ukitaka kuangalia vifo vya akina mama, tuseme kutoka 200 hadi 150 kwa kila 100,000, unahitaji takriban 110,000 kila upande. Hakuna hospitali moja yenye idadi hiyo, hata Muhimbili. Ndiyo maana watafiti huunganisha vifo na majeraha na kukaa wodini kuwa "tokeo" moja ili namba itoshe, kisha mtoto aliyevunjika mfupa wa bega, ambao hupona kwa wiki chache, anahesabiwa safu moja na mtoto aliyekufa.

Na madhara mengine hayaji mwaka huo. Kovu la mfuko wa uzazi linamsubiri mtoto wa tatu na wa nne. Takwimu za Marekani za mwaka 2006, kutoka kwa wanawake zaidi ya 30,000 waliopasuliwa kabla ya kuanza uchungu, zilionyesha kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye ukuta wa mfuko kwa asilimia 0.24 katika operesheni ya kwanza, 0.57 katika ya tatu, na 2.13 katika ya nne. Nani atamfadhili mtafiti amfuate mama miaka kumi na mitano, akihama mkoa mara tatu na kubadilisha namba ya simu mara sita? Mara nyingi jaribio linafungwa mapema baada ya kujifungua, fedha zikiisha. Ndiyo maana operesheni huonekana njema kwenye majaribio kuliko inavyostahili kwa mwanamke anayetaka watoto watano.

Nije nyumbani. Kila jaribio hapa Tanzania linapitia kamati ya maadili, na ya kitaifa iko chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Karatasi ya ridhaa huandikwa kwa Kiswahili, kurasa nne au tano. Anayepewa mara nyingi amefika njia ikiwa imeshafunguka sentimita saba, ameshika ukuta. Umsomee nini? Nimesikia jibu hilohilo mara nyingi: "Wewe ndiye daktari, fanya unavyoona." Kisheria ameridhia. Kiukweli ameniambia kwamba hajui kuwa mimi mwenyewe sijui, na kwamba ndiyo maana nataka kura. Kumweleza mama kwamba daktari hana uhakika ni jambo gumu katika mazingira ambamo mgonjwa hamuulizi daktari, na ambamo mama mkwe ndiye aliyebeba beseni na kanga na ndiye mwenye sauti ya mwisho. Wapo watafiti waadilifu wanaoomba ridhaa kliniki, mimba ikiwa na miezi minane. Lakini wengi wa waliohojiwa kliniki huzalia kwingine, na wengi wanaozalia hospitali kubwa wamefika na rufaa kutoka vituo vidogo bila ya kuhojiwa popote.

Halafu kuna gharama. Jaribio likilipia kila kitu, nyuzi, dripu, dawa na usafiri, mama maskini hakuridhia utafiti. Ameridhia huduma ambayo angeikosa. Lisipolipia, upande wa operesheni unaibebesha familia mzigo ambao kompyuta ndiyo iliyoupanga. Kamati za maadili hukaa muda mrefu sana juu ya hili, na zina haki.

Hata jaribio safi la nje halihamishiki hivihivi. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa hospitali za nchi 22 za Afrika: kati ya akina mama 3,684 waliopasuliwa, 20 walikufa, kiwango ambacho ni kama mara hamsini ya nchi tajiri. Wengi wa hao walifika wakiwa wameshazidiwa, kwa hiyo usikitwishe kisu lawama yote. Lakini operesheni inayopimwa katika nchi tajiri ina benki ya damu, daktari wa usingizi na umeme. Ukitoa hivyo vitatu, unapima kitu kingine chenye jina lilelile. Hata ndani ya jaribio la Hannah ilionekana: katika nchi zenye vifo vichache vya watoto wachanga, watoto waliokufa au kuumia vibaya walikuwa asilimia 0.4 upande wa operesheni dhidi ya 5.7 upande wa kawaida, katika nchi zenye vifo vingi, 2.9 dhidi ya 4.4. Faida ya kupanga operesheni ilikuwa ndogo zaidi katika nchi zinazofanana na yetu.

Usije ukadhani majaribio ya uzazi hayafanyiki. Yanafanyika, na Afrika Mashariki imo. Yanafaulu pale swali linapohusu kitu ambacho mama hana upendeleo nacho. Jaribio la CORONIS, ambalo Kenya ilishiriki, liliwahusisha wanawake zaidi ya 15,000 wa nchi saba na kuuliza, pamoja na mengine, kama mfuko ushonwe tabaka moja au mawili. Hakuna mama anayekesha akiwaza tabaka. Njia nyingine ni kuipigia kura hospitali badala ya mwanamke. Jaribio la E-MOTIVE la mwaka 2023 katika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania lilifanya hivyo kwa kutokwa damu baada ya kuzaa: hospitali zilizopangiwa zilipewa mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu na utaratibu wa kutoa matibabu yote kwa pamoja. Uzazi zaidi ya 210,000 ulihesabiwa, na matokeo mabaya waliyokuwa wakiyapima yalishuka hadi asilimia 1.6, wakati hospitali zilizoendelea kama kawaida zilibaki na 4.3. Hata hivyo huwezi kuiambia hospitali nzima ya mkoa "ninyi mtawapasua wote wenye kovu", hata kwa kura. Swali lako, mwalimu, ni la mtu mmoja mmoja.

Kwa hiyo rudi kwa madaktari wako wawili ukijua kwamba hakuna kati yao aliye na jaribio mfukoni. Ule msemo wa ukishapasuliwa mara moja umetoka kwa Edwin Cragin wa New York, mwaka 1916, enzi mfuko ulipokuwa ukikatwa wima kutoka juu, na alikuwa akiwaonya wenzake wasikimbilie operesheni ya kwanza. Siku hizi mkato ni wa kulala, chini, na takwimu za hospitali zenye uangalizi mzuri zinasema wanaojaribu njia ya kawaida hufaulu kama watatu kati ya wanne, na mfuko huchanika kwa takriban mmoja kati ya 200. Ukichanika, muda unaohesabika ni dakika.

Hapo ndipo ningekuuliza juu ya hospitali kabla ya kukuuliza juu yako. Usiku wa Jumamosi chumba cha upasuaji kinafanya kazi? Daktari wa usingizi analala pale au anaitwa kwa simu? Damu ya kundi lako ipo? Kuna mkunga atakayesikiliza moyo wa mtoto mara kwa mara, au ana wazazi wanane peke yake? Majibu yakiwa mabaya, ningepanga operesheni mimba ikifika wiki 39, au uhamie kwa ndugu karibu na hospitali yenye majibu mazuri wiki chache kabla. Yakiwa mazuri, na kama operesheni ya kwanza ilikuwa kwa sababu isiyojirudia, tuseme mtoto alitanguliza matako, na bado unataka watoto wengine, ningekuunga mkono ujaribu. Kama ilikuwa ni kwa sababu ulikaa na uchungu siku nzima njia imefunguka yote na mtoto hashuki, matumaini ni madogo zaidi, ingawa hayajafutika. Uchungu ukianza usisubiri nyumbani wala zahanati, na usinywe dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu hata kama anayekupa anakupenda. Kwenye mfuko wenye kovu hiyo ni hatari kubwa.

Na kesho kaitafute karatasi uliyopewa ulipotoka hospitali baada ya ile operesheni ya kwanza, au uombe faili hospitali uliyozalia. Kovu la tumboni halimwonyeshi mtu jinsi mfuko ulivyokatwa ndani, na bila maandishi yale daktari wa kwanza na wa pili wote wanabahatisha.